Sahani iliyowekwa nje



Ijumaa moja tuliwafundisha wanafunzi wetu wa darasa la sita matendo ya huruma: kuwalisha wenye njaa, kuwavika walio uchi, kuwatazama wagonjwa. Wote waliyajua kwa moyo, wakayasema bila kosa. Kesho yake, tulipotoka sokoni, tuliwakuta watatu kati yao wakimtupia mawe mtu mmoja aliyekuwa akisema peke yake karibu na mfereji. Tuliwakemea, wakakimbia. Lakini tusijifiche: sisi wenyewe hatukumsalimu yule mtu. Tulipita upande wa pili wa njia na mfuko wetu wa unga, kama yule Mlawi wa Injili.

Mtu huyo twamfahamu. Zamani alikuwa mwanafunzi wetu, tena mwenye mwandiko mzuri. Habari zake tutazieleza mbele kidogo. Kwanza twataka kuwapeleka mbali, katika mji mmoja wa Ubelgiji, kwa sababu watu wa mji ule walijiuliza zamani sana swali lile lile ambalo jamaa nyingi za kwetu hujiuliza usiku: mgonjwa wa akili akae wapi?

Mji huo ni Geel, katika jimbo la Antwerpen. Mapokeo ya kale yasema kwamba Dymphna alikuwa binti wa mfalme mpagani wa Irlandi. Mama yake alipofariki, baba akarukwa na akili kwa huzuni, hata akataka kumwoa binti yake mwenyewe. Dymphna akakimbia pamoja na padri Gerebernus, akavuka bahari, akafika Geel. Baba akawafuata, nao wakauawa wote wawili. Basi watu wakaanza kuwaleta wagonjwa wa akili penye kaburi la yule Mtakatifu ili awaombee. Katika karne ya 14 kanisa kubwa lilianza kujengwa hapo, na kando yake kikajengwa chumba ambamo wagonjwa walikaa siku tisa za sala. Lakini chumba kilikuwa kidogo na wagonjwa walikuwa wengi. Tena wengine walimaliza siku zao tisa bila kupona. Ndipo wenyeji wa Geel walipowafungulia milango ya nyumba zao, na desturi hiyo haijakoma mpaka leo, miaka zaidi ya 600.

Katika nyumba hizo hawaitwi wagonjwa, huitwa wageni wa nyumba. Mgeni ana chumba chake, naye hula meza moja na wenyeji. Akiweza kazi ndogo, huifanya, asiyeweza halazimishwi. Kwa desturi wenyeji hawakuambiwa hata jina la ugonjwa wake, waliambiwa tu yale yapasayo ili kuishi naye. Watoto wa nyumba hukua pamoja naye, na imetokea mara nyingi kwamba wazee walipofariki, mtoto wao aliyekwisha kuwa mtu mzima aliendelea kumtunza mgeni yule yule. Mgeni akisema peke yake njiani, mwenye duka hashangai, kwa maana babu yake aliyaona hayo hayo.

Msidhani kwamba watu wa Geel walikuwa malaika. Walilipwa fedha kidogo, nao wakulima walihitaji mikono shambani. Zamani wengine waliwafunga wagonjwa wakali kwa minyororo. Mwaka 1850 serikali ya Ubelgiji ilitunga sheria juu ya wagonjwa wa akili, kazi ya Geel ikawekwa chini ya uangalizi wa waganga, na mwaka 1862 hospitali ikafunguliwa mjini. Twawaomba mpasome mahali hapa mara mbili. Nyumba peke yake, pasipo mganga, mara nyingine ilikimbilia mnyororo. Hospitali peke yake ingemtunza mgonjwa lakini isingempa jirani. Vyote viwili viliposhikana, mgonjwa aliyezidiwa aliweza kulala hospitalini siku kadhaa, kisha akarudi kwake. Na muuguzi hupita nyumbani kumwona mgeni na kusikiliza taabu za wenyeji. Mwaka 1938 wageni walikuwa zaidi ya 3,700. Leo hawafiki 300, kwa sababu dawa zimepatikana, matunzo ya namna nyingine yameongezeka, na maisha ya jamaa yamebadilika. Hata hivyo mwaka 2023 UNESCO iliiandika desturi hiyo kati ya mifano mizuri ya kulinda urithi wa watu.

Twamsikia msomaji mmoja akisema: «Hayo ni ya Wazungu, wana fedha.» Basi twende Nigeria. Mwaka 1954 mganga Thomas Adeoye Lambo, mzaliwa wa Abeokuta, alianza kazi ya namna hiyo huko Aro, karibu na mji wake. Hospitali ilikuwa bado haijakamilika, naye hakungoja. Alipatana na wenyeji wa vijiji vya jirani, wakawapangishia wagonjwa vyumba. Kila mgonjwa alitakiwa kuja na ndugu mmoja, mama au dada, wa kumpikia na kukaa naye. Asubuhi walikwenda kwa waganga kupata dawa; saa nyingine walilima, walicheza ngoma, walizungumza na wanakijiji. Lambo baadaye alikuwa makamu wa mkuu wa Shirika la Afya Duniani. Hakuiga Geel tu, bali aliona kwamba Mwafrika aliyetengwa na jamaa yake hupata ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Kwetu Kongo hospitali za magonjwa hayo ni chache mno. Mafrera wa Upendo, ambao shirika lao lilianzishwa na padri Pierre-Joseph Triest mjini Gent mwaka 1807, wamejenga nyumba za matunzo Goma, Bukavu na Lubumbashi. Lakini mgonjwa akikaa huko miezi, akatulia, atarudi wapi? Kuna jamaa ambazo humpeleka ndugu yao, hulia mlangoni, kisha hubadili namba ya simu. Wengine humpeleka kwenye chumba cha maombi, akafungwa kamba na kunyimwa chakula ili pepo atoke. Sisi pia husali, wala hatuoni haya. Lakini mapadri wa Geel ya kale hawakuwa na dawa. Sisi tunazo, tangu waganga wa Paris walipoanza kuwatibu wagonjwa kwa klopromazini mwaka 1952. Kumfunga mtu mwenye njaa si sala.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Alipotoka hospitali alikuwa na vidonge vyake na barua ya kuonana na muuguzi kila mwezi. Alilala vizuri, alisema vizuri. Lakini nyumbani sahani yake iliwekwa nje, kando ya jiko, na kikombe chake hakikuguswa na mtu. Vidonge vilipokwisha, mjomba wake alisema: «Amepona, ya nini kununua tena?» Kosa hilo ni la wengi. Dawa hizi hutuliza ugonjwa, na mara nyingi zikikatwa ugonjwa hurudi. Mwezi wa tatu sauti zikamrudia, akaondoka nyumbani, ndipo tulipomwona mferejini.

Jumapili iliyofuata tulikwenda kwao, nao wale wanafunzi watatu tukawachukua pamoja nasi. Yeye alikuwa amerudi kulala uani. Mjomba alitupokea kwa heshima, akatuambia: «Mwalimu, maneno yenu ni mazuri, lakini vidonge nani atanunua?» Hatukuwa na jibu la haraka. Tulikaa tukahesabu. Jumuiya yetu ya mtaa itachanga fedha za miezi mitatu. Muuguzi wa kituo cha afya amekubali kupita kila juma la kwanza la mwezi, na kumrudisha hospitali ikilazimu. Baada ya miezi mitatu hatujui bado, nasi hatukumdanganya mjomba.

Jua lilipokuwa likishuka, mama yake alipika bugali na sombe. Alitoka uani, akaichukua ile sahani kando ya jiko, akaiosha, akaiweka mezani pamoja na nyingine, akamwita mwanawe kwa jina. Kijana akaja, akakaa. Mjomba alisogeza kiti chake kidogo, lakini hakuondoka mezani.