Nta ya Gari la Mayatima

Mama mmoja ametuuliza apake nta gani idumuyo katika gari aliloachiwa na marehemu mumewe. Gari hilo lina fungu la mayatima, na huenda likauzwa siku ya dhiki. Basi swali lake si la urembo, ni la amana.

Nta ya asili hutokana na majani ya kanauba, mti wa jamii ya mitende umeao Brazil. Yang'arisha vizuri mno, ila kwa jua letu na hewa ya bahari huisha baada ya wiki chache. Kinga ya kemikali hushika miezi kadhaa; hiyo ndiyo tunayompendekezea. Ipakwe kivulini, tabaka jembamba, gari likiwa safi na kavu. Asilioshe kwa sabuni ya vyombo, huiondoa nta. Wala kwa maji ya kisima cha chumvi, nasi twajua visima vyetu. Maji yasipofanya matone juu ya boneti, kinga imekwisha.

Na fundi akidai kwamba nta hii ya kung'arisha huzuia kutu ya uvunguni mwa gari, asimlipe. Nta hii hulinda rangi tu. Uvungu huoshwa kwa maji matamu.