Si Kila Anayebonyeza Ameelewa

Mchuuzi wa mitumba wa pale Ekero, karibu na mji wa Mumias, ni mwanaisimu asiye na shahada. Hunadi bei kwa Kiswahili. Akimwona mwanamke mzee amepunguza mwendo, humwita "kukhu" na kuendelea kwa Kiwanga. Akipita mwalimu, sauti hushuka na shati lile lile huwa "la ofisini". Akiona uso umekunjamana, hubadili neno kabla mteja hajampa kisogo.

Nimemkumbuka mchuuzi huyo kwa sababu siku hizi maduka, vyama vya akiba na hata shule za binafsi hutangaza kwa njia ya simu, na wauzaji wa matangazo hayo huwaahidi kile kinachoitwa uchanganuzi wa data papo kwa papo. (Naniwiwe radhi kwa urefu wa istilahi, sisi wenye kazi hiyo bado hatujaipatia iliyo fupi.) Maana yake si ngumu. Tangazo hutolewa katika Facebook au Google kwa sura mbili au tatu, na mtambo ukahesabu ni wangapi wameliona, wangapi wamelibonyeza, wametazama video kwa sekunde ngapi, na wangapi wamenunua. Sura inayovutia zaidi huongezewa fedha, nyingine huzimwa, pengine kabla ya adhuhuri. Mwenye duka ambaye zamani alilipia tangazo la redio asijue ni nani aliyelisikia, hapana shaka amepata nafuu. Siibezi nafuu hiyo.

Hata hivyo, mchuuzi huuona uso, ilhali mtambo huhesabu kidole. Tuchukue mfano wa mwenye duka la pembejeo anayetangaza mbegu za mahindi kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Asubuhi, vijana wenye bando walibonyeza lile la Kiingereza kwa wingi, basi la Kiswahili likazimwa. Kumbe la Kiswahili lilikwisha kusomwa kwa sauti na binti mmoja jikoni, mama yake akasikiliza, wakajadiliana, na siku ya tatu mama akaenda dukani kwa miguu akiwa na fedha taslimu. Katika hesabu ya mtambo, mama huyo hayupo. Simu si yake, wala kidole si chake. Msimu ukiisha, ripoti itaandika kwamba wateja wa Ekero hawakipendi Kiswahili, na kosa la mizani litageuzwa kuwa sifa ya watu.

Walimu wenzangu hawahitaji kufafanuliwa jambo hili. Tangu mwaka 1985 hadi 2023 tulikuwa na mtihani wa KCPE, na shule nyingi zilifundisha wastani wa alama badala ya kumfundisha mtoto. Alama zilipanda, mtoto aliyeweza kuandika barua yenye maana lilikuwa suala jingine. Mwenye kutangaza naye akiabudu idadi ya mibonyezo, atapata mibonyezo: vichwa vya kushtua, ahadi zilizotiwa chumvi, na Kiswahili kilichokatwakatwa ili kitoshe sekunde tatu.

Siasa zilitangulia biashara katika somo hili. Katika uchaguzi mkuu wa mwaka 2017, Wakenya waliotafuta habari za wagombea katika Google walikutana na matangazo yaliyowapeleka kwenye tovuti ya kuwatisha juu ya Raila Odinga. Desemba mwaka huo, shirika la Privacy International la London lilieleza kwamba kazi hiyo ilifanywa na Harris Media, kampuni ya Texas, Marekani. Machi 2018, runinga ya Channel 4 ya Uingereza ilimwonyesha mkuu mmoja wa Cambridge Analytica, aliyerekodiwa kwa siri, akijigamba kwamba kampuni yao ilikibadilisha sura mara mbili chama cha Uhuru Kenyatta na kufanya duru mbili za kuwahoji watu 50,000. Majigambo ya muuzaji si ushahidi kwamba kura ziligeuka. Linalonikera ni kwamba msomaji alisemeshwa na mtu asiyejitaja jina, aliyekwisha kumpima hofu zake.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inadai ridhaa ya wazi kabla ya data ya mtu kutumiwa kibiashara, na ridhaa ya mzazi ikiwa mhusika ni mtoto. Walimu wakuu wanaopenda kupamba kurasa za shule kwa nyuso za wanafunzi wasidhani sheria hiyo ni ya makampuni makubwa tu. Septemba 2023, Kamishna wa Kulinda Data aliitoza Roma School ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Mwenye duka wa Ekero akiniomba ushauri, nitamwambia asiufunge mtambo wake. Aziache sura zote mbili za tangazo msimu mzima. Kisha aweke daftari mezani na kumuuliza kila anayeingia: habari zetu umezipata wapi, na uliambiwa nini? Majibu ayaandike kwa lugha ile ile yaliyotamkwa, ikiwa ni Kiwanga iwe Kiwanga, bila kuyasafisha. Hapo atamwona mama aliyekuja kwa miguu, na atajua ni neno gani binti alilitumia kumweleza.

Nami mchuuzi wa mitumba nikimwambia kwamba shati lake limechakaa kwenye kola, hucheka, hulirudisha kwenye rundo, na kuchomoa jingine.