Ukitaka Kupanda, Zunguka

Juma hili nataka kuwaambieni habari za mlima. Si Kilimanjaro wala Uluguru. Ni mlima wenye kimo cha sentimeta 8 tu, nao ulinishinda mimi, mtu mzima mwenye cheti cha ualimu, mbele ya watoto kumi na wawili.

Asili yake ni hii. Padre wetu msaidizi ametoka Uswisi. Wakati wa Majilio, mwaka juzi, alileta sanduku kutoka kwao, na ndani yake mlikuwa na garimoshi dogo la umeme: injini moja, mabehewa sita na vipande vingi vya reli. Alikuwa nalo tangu utoto wake. Kwao Uswisi, na Ujerumani pia, familia nyingi zimekuwa na desturi ya kulitandaza garimoshi la namna hii siku za Noeli, baba na watoto pamoja. Wala msidhani ni mchezo wa watoto peke yao. Uingereza, Ujerumani na Marekani wako watu wazima wanaojenga reli hizi ndogo miaka nenda miaka rudi, nao wana vyama vyao na magazeti yao.

Kila kitu hupunguzwa kwa kipimo. Hili letu ni la kipimo cha 1 kwa 87, maana yake sentimeta 1 yake ni sentimeta 87 za garimoshi la kweli. Njia yake ina upana wa milimita 16 na nusu. Umeme wa volti 12 hupita katika reli zenyewe, ukapanda katika injini kwa njia ya magurudumu.

Padre akaniambia, “Mwalimu, jengeni wewe na watoto. Noeli wazazi waje waone.” Seremala akatupa bao moja la plaiwudi, urefu sentimeta 240 na upana sentimeta 120. Watoto wakataka njia iwe kama tarakimu 8, ijivuke yenyewe kwa daraja. Vema. Behewa letu lilihitaji nafasi ya sentimeta 7 chini ya daraja, na daraja lenyewe lina unene wa sentimeta 1. Basi njia ya juu ilipaswa kupanda sentimeta 8.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilitamani stesheni ya tambarare, na mahali pa kijiji, na shamba la migomba ya karatasi. Vyote nikavipa nafasi kwanza, na mlima nikaubana katika mita 1 iliyobaki. Nikagongelea misumari, nikapaka gundi, nikajisifu.

Siku ya kujaribu, injini ilipofika mlimani magurudumu yalizunguka pale pale bila kwenda mbele. Mvulana mmoja wa darasa la sita alikuwa ametia vijiwe katika behewa la nyuma, ati ni shehena ya mahindi. Nikaongeza umeme. Injini ikaruka, ikapanda kwa kishindo, na pale juu njia ilipokatika ghafula kuwa tambarare, pua yake ikainama na ndoano ikaachana na behewa la kwanza. Mabehewa yote sita yakarudi nyuma mbio, yakapinduka kwenye kona, na mawili yakaanguka sakafuni. Moja likavunjika ekseli.

Nikapiga kelele, “Ni wewe na vijiwe vyako!”

Mtoto akasema kwa sauti ndogo, “Mwalimu, hata kabla ya vijiwe lilikuwa linateleza.”

Nikamwambia atoke. Akachukua kandambili zake mlangoni, akaenda. Kesho yake hakuja, na kesho kutwa hakuja.

Padre alipopata habari hakunigombeza. Alikuja na rula na pima maji. Akaniuliza, “Umepanda kiasi gani?”

“Sentimeta 8, Padre.”

“Kwa urefu gani?”

“Mita 1.”

“Basi ni 8 katika mia,” akasema. “Kwetu Uswisi garimoshi la kweli huvuka milima ya Alpi kwa njia ya Gotthard, iliyofunguliwa mwaka 1882. Wahandisi wale, pamoja na milima yote ile, hawakuthubutu kupita 2.7 katika mia.”

Nikanyamaza. Yeye akaketi juu ya benchi akanieleza, nami nawaelezeni ninyi.

Garimoshi lina gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma. Katika tambarare hii ni faida kubwa: tani moja ya mzigo husukumwa kwa nguvu ya kilo chache tu. Lakini mlimani mambo hugeuka. Kila njia inapopanda 1 katika mia, tani hiyo hudai nguvu ya kilo 10 zaidi. Ikipanda 3 katika mia, ni kilo 30 zaidi. Tena chuma juu ya chuma hakishikani kama mpira juu ya lami. Nguvu ikizidi mshiko, gurudumu huzunguka bure. Injini ndogo ya mezani hufuata sheria ile ile.

Tena kona nazo huongeza uzito. Wajenzi wa reli ndogo wana hesabu ya kukadiria: chukua 81, gawanya kwa nusu kipenyo cha kona kwa sentimeta. Kona yetu ilikuwa na sentimeta 45, basi jibu ni 1.8. Maana yake mlima wa 3 katika mia ukiwa ndani ya kona ile, injini huuona kama karibu 5.

Sasa wahandisi hufanyaje? Kimo hawawezi kukipunguza, basi hununua urefu. Pale Wassen, katika njia hiyo ya Gotthard, reli huzunguka na kujipinda ndani ya matundu ya mlima. Abiria anayepanda huliona kanisa la kijiji mara tatu: kwanza liko juu yake, halafu liko sawa naye, mwisho liko chini yake. Tangu mwaka 2016 magari ya haraka hupita chini kabisa katika tundu la kilometa 57, lakini njia ya zamani bado ipo na abiria bado wanaliona kanisa lile. Hata Kenya, reli ya kutoka Mombasa ilipofika ukingo wa Bonde la Ufa, iliwabidi wajenzi washushe mabehewa kwa kamba za chuma katika mteremko mkali, mpaka ilipokuwa tayari njia ndefu ya kuambaa ukingo. Reli ikafika Ziwa Viktoria mwaka 1901.

Basi tuliubomoa mlima wangu. Tulipopima njia yote ya tarakimu 8 tulipata mita 6 na kidogo. Toka chini ya daraja mpaka juu ya daraja ni nusu yake, mita 3. Nusu moja ikawa ya kupanda, nusu ya pili ya kushuka. Stesheni ya tambarare ikafutwa. Kijiji kikahamia katikati ya mzunguko.

Ukitaka kujenga kama sisi, fanya hivi. Gawanya mita 3 hizo katika sehemu 15 za sentimeta 20. Kila sehemu weka kibao cha kuinua njia. Sehemu ya kwanza panda milimita 2 tu, ya pili milimita 4. Sehemu kumi na moja za katikati panda milimita 6 kila moja, yaani 3 katika mia. Sehemu ya kumi na nne panda milimita 5, ya mwisho milimita 3. Jumlisha: utapata milimita 80, ndizo sentimeta 8. Hizo sehemu za mwanzo na mwisho ndizo dawa ya ndoano kuachana, maana injini haipendi kuamka ghafula wala kulala ghafula.

Usigongelee msumari wala kutia gundi kwanza. Weka vibao vikae tu, endesha garimoshi polepole, kisha rekebisha. Ndoano zikiachana juu, kilele bado ni kikali: punguza kibao cha pale, au tia vipande vya boksi chini ya jirani zake. Injini ikigusa reli kwa pua pale chini, mwanzo wa mlima ni mkali: inua kidogo kwa boksi. Weka pima maji kukingama reli mbili, maana njia ikilalia upande, behewa litaanguka konani. Injini ikilegea mahali pamoja kila mara, usiulaumu mlima upesi. Pengine maungio ya reli ni mabaya na umeme haupiti. Yakaze, au ongeza waya. Futa reli kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, kwa sababu mafuta huleta utelezi. Ukimaliza kupanda, jaribu na kushuka, kwa kuwa mabehewa hupenda kuisukuma injini.

Lakini palikuwa na kitu kingine cha kurekebisha, nacho hakihitaji rula. Jioni ya siku ya tatu nilikwenda nyumbani kwa yule mvulana. Nilipiga hodi, mama yake akanikaribisha. Mtoto akaniamkia, “Shikamoo, Mwalimu,” bila kuniangalia. Nikamwambia mbele ya mama yake, “Mwanangu, ulisema kweli. Si vijiwe vyako. Ni mlima wangu. Nilikuonea.”

Mama akastaajabu kidogo, maana si desturi yetu wakubwa kusema hivyo. Mtoto akakaa kimya muda, kisha akauliza, “Je, mmepima konani?” Nikajua kwamba amerudi.

Yeye ndiye aliyekata vibao kumi na vitano, kila kimoja akakiandika namba kwa kalamu ya risasi. Yeye ndiye aliyejenga kanisa la boksi na kuliweka kando ya kona, kama lile la Wassen. Tuliweza kuliona mara mbili tu, kwa kuwa bao letu ni dogo. Injini haikuweza kuvuta mabehewa yote sita. Kona zilidai ushuru wao. Tukaacha mawili stesheni, pamoja na lile lililovunjika ekseli, tukavuta manne.

Siku ya Noeli ukumbi ulijaa. Kabla ya kuwasha umeme mvulana alinitazama, akatoa mfukoni vijiwe vyake, akavitia katika behewa la nyuma. Sikusema neno. Garimoshi likaenda polepole, likaingia mlimani, likalipita kanisa, likafika darajani bila kuteleza hata mara moja. Wazee walipiga makofi kuliko watoto.

Ndugu msomaji, huenda huna garimoshi la mezani, wala hutakuwa nalo. Lakini unayo njia ya kupandisha baiskeli yenye gunia, au una mfereji wa kushusha maji shambani, na unao watoto uliowapa kazi. Mzigo usipopanda, pima njia kwanza: imepanda kiasi gani, kwa urefu gani? Wahenga walisema ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Mimi nimejifunza kwamba ukitaka cha juu sharti uzunguke. Na kama umekwisha kumfukuza mtu kwa kosa la mlima wako mwenyewe, nenda ukapige hodi kabla jua halijatua. Mimi nilikawia siku tatu.

Haya, tuonane juma lijalo.