Mpira Unaoyeyuka: Viwanda vya Plastiki Vinakua, Ujuzi Unabaki Wapi?

Katika maduka ya Ilembula, Halali na Makambako tunanunua ndoo, mabomba ya maji, viti na viatu vya yeboyebo ambavyo vingi vimetengenezwa hapa hapa Tanzania. Miaka 30 iliyopita sehemu kubwa ya bidhaa za namna hiyo zilitoka ng'ambo. Huu ni ukuaji wa kweli, na hatuna sababu ya kuudharau. Hata hivyo, tunapenda kuwaalika kutafakari swali moja: katika ukuaji huu, ni kazi gani inayofanyika nchini, na ni ipi inayoendelea kufanyika kwingine?

Tutazame kundi moja la malighafi ambalo wataalamu huliita elastoma za thamoplastiki. Kwa lugha nyepesi, ni mpira unaoyeyuka. Mpira wa kawaida, kama ule wa tairi, huchanganywa na salfa na kupashwa moto kwa njia ambayo Charles Goodyear alipewa hataza yake mwaka 1844. Ukishaiva hivyo haurudi nyuma. Ukiuchoma unateketea, lakini hauyeyuki ukatengenezwa upya. Ndiyo maana tairi kuukuu huishia kukatwa kwa kisu na kugeuzwa katambuga, kazi ya mikono inayostahili heshima kuliko inavyopewa. Mpira unaoyeyuka, ambao kampuni ya Shell ilianza kuuza aina yake mojawapo nchini Marekani katika miaka ya 1960, hunyumbulika kama mpira lakini ukipata joto hulainika kama plastiki. Unasukumwa ndani ya kalibu ya chuma, unapoa, na soli ya kiatu iko tayari. Mabaki yake husagwa na kurudishwa mashinani. Leo umo katika soli, vishikio vya miswaki, mipira ya kuzibia mabomba na nyaya za umeme.

Viwanda vyetu vingi vya plastiki vinafanya hatua ya mwisho tu, yaani kuyeyusha chembechembe zilizoshushwa bandarini Dar es Salaam na kuzipa umbo. Chembechembe hizo hutoka Ghuba ya Uarabuni, India na China. Bei ya mafuta ghafi ikipanda, au shilingi ikishuka dhidi ya dola, mkulima wa alizeti wa Wanging'ombe hulipa zaidi kwa dumu lake bila kuelezwa sababu.

Wapo wanaosema kwamba, kwa kuwa tuna gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, malighafi ya plastiki iko mlangoni. Tungependa iwe hivyo, lakini sivyo mambo yalivyo. Gesi hiyo karibu yote ni methani, ambayo inafaa kwa umeme, saruji na mbolea. Malighafi za mpira unaoyeyuka hupatikana kwa urahisi zaidi katika kusafisha na kuvunjavunja mafuta. Mtambo wetu wa TIPER, pale Kigamboni, uliacha kusafisha mafuta ghafi miaka mingi iliyopita na sasa ni maghala ya kuhifadhia. Kuahidi kiwanda kikubwa cha kemikali hizo kesho asubuhi ni kuwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Historia yetu pia inatutahadharisha. Kiwanda cha viatu cha Morogoro kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikakusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi ziuzwe Ulaya. Hakikuwahi kufikia hata asilimia 10 ya uwezo huo, nacho kikafungwa mwaka 1990. Jengo na mitambo vilikuwepo. Vilivyokosekana ni ujuzi, ubora na soko. Cha matairi kule Arusha, General Tyre, kilichoanzishwa mwaka 1969 Serikali ikiwa na asilimia 74 ya hisa, kilifanya kazi kwa heshima miaka mingi, watu wakajifunza ufundi halisi. Nacho kikasimama. Mashamba ya mpira yaliyokilisha, Kihuhwi wilayani Muheza na Kalunga huko Kilombero, yakabaki chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa bila kiwanda yaliyokusudiwa kukihudumia.

Kwa maoni yetu, mashamba hayo yanastahili kuzungumzwa zaidi ya yanavyozungumzwa. Watafiti wa Malaysia na Uingereza walikwisha kuonesha kwamba utomvu wa mti wa mpira, ukikaushwa na kuchanganywa na plastiki ya polipropilini, hutoa mpira unaoyeyuka ulio mzuri. Plastiki hiyo bado ingeagizwa nje, lakini nusu ya mchanganyiko ingetoka katika miti yetu na mikono ya wagemaji wetu. Hatua hiyo ya kati, ya kuchanganya malighafi kwa kipimo kabla ya kuzitia kalibuni, haihitaji mtambo wa mabilioni ya dola. Inahitaji maabara, wakemia na mafundi wa kuchonga kalibu. China, ambayo leo inaongoza duniani kwa kuzalisha mpira wa soli wa aina hii, ilisukumwa na wingi wa viwanda vyake vya viatu. Mahitaji yalitangulia, na mtambo ukafuata.

Kalibu zenyewe nyingi tunaziagiza nje. Jambo hili linatuuma kuliko la malighafi, kwa sababu kijana wa Makambako hawezi kuchimba mafuta, lakini anaweza kufundishwa kuchonga chuma kwa usahihi. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lipo tangu mwaka 1973, na vyuo vya ufundi vimeongezeka. Wazazi wa parokia zetu wanaouza shamba la miti ili kumsomesha mtoto wana haki ya kuuliza kama fani hiyo inafundishwa, na kwa mashine zipi.

Kwa sasa vijana wetu wengi wanaopanda basi kwenda Dar es Salaam huingia viwandani kama vibarua. Wanasimama mbele ya mashine yenye joto kali, inayofunga na kufungua kwa nguvu inayoweza kukata vidole. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi Julai 2015, na mwajiri anawajibika kuuchangia. Anayeumia bila kujua haki hiyo hurudi nyumbani na mkono uliofungwa bandeji na nauli aliyochangiwa na wenzake. Mafundisho Jamii ya Kanisa, tangu Waraka wa Rerum novarum wa mwaka 1891, yamesisitiza kwamba utu wa mfanyakazi unatangulia mtaji. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zingefanya jambo jema kuwaeleza vijana habari za mfuko huo kabla hawajaondoka.

Yabaki masuala ya taka. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, na mitaro ya Makambako ilionekana kupumua. Lakini viatu vilivyokatika, mabomba na madumu yaliyopasuka bado huchomwa nyuma ya nyumba, moshi wake ukaingia jikoni na mapafuni mwa watoto. Moshi wa mabomba ya PVC ni sumu hasa. Waraka wa Kitume Laudato si' wa mwaka 2015 unapozungumzia utamaduni wa kutupa, unagusa ua huo huo. Mpira unaoyeyuka unaweza kurudi kiwandani, iwapo tu utakusanywa ukiwa safi na haujachanganywa na takataka nyingine, na iwapo nauli ya lori kutoka Njombe hadi Dar es Salaam haitameza bei yote ya mzigo. Kinamama na vijana wanaookota chupa barabarani wanalijua hesabu hilo kuliko ofisi yoyote. Mashine ya kusaga taka hizo ikiwekwa Makambako, penye njia panda ya Songea na stesheni ya TAZARA, lori lingebeba chembechembe badala ya hewa iliyomo ndani ya madumu matupu.