Kioo Hakikuiua Pinboli

Imeandikwa kwamba vioo vya kisasa vimeiua pinboli, mchezo wa mashine wa kupiga gololi, eti macho ya mchezaji yamehamia kwenye picha. Hoja hiyo haisimami.

Mashine za zamani zilihesabu alama kwa magurudumu ya namba yaliyozungushwa kwa sumaku za umeme. Mwishoni mwa miaka ya 1970 zikaenea tarakimu za kung'aa, na mwaka 1991 kikaingia kioo cha nukta za rangi ya chungwa, kikionyesha vikatuni na shabaha inayofuata. Mchezo ulikufa? La hasha. The Addams Family ya 1992, yenye kioo hichohicho, ilitengenezwa kwa zaidi ya mashine 20,000.

Ni kweli, Pinball 2000 ya mwaka 1999, iliyoakisi video juu ya uwanja wenyewe, haikudumu. Lakini The Wizard of Oz ilipokuja na kioo kikubwa cha LCD mwaka 2013, watengenezaji wengine walifuata. Gololi ya chuma ya gramu 80 bado inateremka, na wepesi wa vidole ndio unaoiokoa. Kijana wa Nchelenge nchini Zambia anayecheza pinboli kwenye simu anapiga gololi ya kuchorwa. Hapo ndipo penye hasara. Tusikilaumu kioo kinachotangaza alama. Tuitetee gololi.