Afya Yetu: Kikohozi Kipimwe Kwanza



Wazee wetu walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo ni ya kweli. Lakini mwezi huu tuulizane swali jingine. Je, yule asiyeficha maradhi? Yule aliyefunga safari mpaka zahanati, akasema, "Nakohoa," kisha akarudishwa nyumbani na chupa ya dawa ya kikohozi bila kupimwa? Yeye kosa lake ni nini?

Swali hili liliulizwa zamani katika nchi ya India. Waliouliza walikuwa watafiti wa magonjwa. Hawakukaa ofisini kubuni jibu. Walikwenda vijijini, wakawauliza watu wenyewe. Jibu walilopata lina faida kwetu pia.

UGONJWA WENYEWE

Habari yetu ni ya kifua kikuu. Watu wengi huuita TB. Ugonjwa huu huletwa na vijidudu vidogo sana. Jicho peke yake haliwezi kuviona. Mgonjwa wa mapafu akikohoa, vijidudu hutoka na kuelea hewani. Mtu mwingine akivuta hewa hiyo, vijidudu vinaweza kuingia mwilini mwake.

India ni nchi kubwa yenye wakulima wengi. Mpaka leo, India ina wagonjwa wengi wa kifua kikuu kuliko nchi nyingine yoyote. Kwa kila wagonjwa wanne duniani, mmoja hivi yuko India. Ndiyo sababu nchi hiyo imefanya utafiti mwingi juu ya ugonjwa huu.

KITANDA SI LAZIMA

Zamani watu waliamini kwamba mgonjwa wa kifua kikuu lazima alazwe miezi mingi. Lakini India haikuwa na vitanda vya kuwatosha wagonjwa wake wote. Ingefanya nini?

Mwaka 1956 kituo cha utafiti kilifunguliwa katika mji wa Madras. Siku hizi mji huo unaitwa Chennai. Watafiti waliwachukua wagonjwa 193, wengi wao watu maskini. Waliwagawa katika makundi mawili. Kundi la kwanza lililazwa hospitalini. Kundi la pili lilibaki nyumbani. Makundi yote mawili yalipewa dawa zile zile kwa mwaka mmoja.

Mwaka 1959 matokeo yalitangazwa. Waliotibiwa nyumbani walipata nafuu karibu sawa na waliolazwa. Tena, jamaa waliokaa nao hawakuugua zaidi kuliko jamaa wa wale waliolazwa.

Basi ikajulikana kwamba dawa ndiyo inayoponya, si kitanda. Mtu anaweza kutibiwa akiwa kwake. Sasa lilibaki jambo moja kubwa. Wagonjwa watajulikanaje? Huwezi kumtibu mtu usiyemjua.

WATU WA TUMKUR WALISEMA NINI

Mwaka 1959 kituo kingine cha utafiti wa kifua kikuu kilianzishwa katika mji wa Bangalore, ambao siku hizi huitwa Bengaluru. Wakati huo wataalamu wengi walidhani kwamba mwanakijiji hajui kuwa anaumwa. Walidhani kwamba hata akijua, hajali. Kwa hiyo waliona lazima afuatwe kijijini kwa magari yenye mashine za picha za kifua.

Dakta Debabar Banerji na Stig Andersen wa kituo hicho walitaka kujua kama hayo ni kweli. Walichagua wilaya ya Tumkur, isiyo mbali na Bangalore. Watu wa huko walikuwa wamekwisha kupigwa picha za kifua na kupimwa makohozi. Kwa hiyo ilijulikana nani mgonjwa na nani si mgonjwa. Wadadisi walitumwa nyumba kwa nyumba. Waliuliza: Unajisikiaje? Je, una wasiwasi? Je, umekwenda kutafuta msaada?

Majibu yao yalichapishwa mwaka 1963. Yaliwashangaza wengi. Tuwaangalie wale waliokuwa na vijidudu katika makohozi yao. Kwa kila wagonjwa 100, kama 95 walijua kuwa wana dalili. Zaidi ya 70 walikuwa na wasiwasi. Na zaidi ya nusu walikuwa wamekwisha kwenda kutafuta msaada.

Huko walikokwenda walipata nini? Wengi walipewa chupa ya dawa ya kikohozi. Hawakupimwa. Walirudi nyumbani na vijidudu vyao, wakaendelea kukohoa katikati ya watoto wao.

Hebu tufikiri, ndugu wasomaji. Mgonjwa alikuwa ametimiza wajibu wake. Aliacha shamba lake, akatembea, akaeleza shida yake. Aliyeshindwa ni yule aliyempokea bila kumpima.

Mpango wa taifa wa India wa kupambana na kifua kikuu, ulioanza mwaka 1962, ulishika njia hiyo. Ulisema hivi: mwenye kikohozi cha muda mrefu anakuja mwenyewe. Basi apimwe makohozi hapo hapo alipofika, katika kituo cha kawaida cha afya.

Hapa Tanzania pia, mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulioanza mwaka 1977 uliweka kupima makohozi kuwa msingi wa kazi yake.

MAKOHOZI HUPIMWAJE

Mhudumu huchukua makohozi kidogo na kuyapaka juu ya kipande cha kioo. Huyaacha yakauke. Kisha huyatia dawa ya rangi nyekundu na kuyapasha moto. Baadaye huyaosha kwa asidi. Vitu vingine vyote hupoteza ule wekundu, lakini vijidudu vya kifua kikuu huushika. Mwisho hutia rangi ya buluu. Akitazama kwa darubini, huona vijiti vidogo vyekundu. Hivyo ndivyo vijidudu vya kifua kikuu.

Njia hii ni nzuri, na gharama yake ni ndogo. Lakini ina upungufu. Kama vijidudu ni vichache, darubini inaweza isivione. Kwa hiyo watafiti waliendelea kutafuta njia nyingine.

KIPIMO KILICHODANGANYA

Si kila kipimo kipya ni kizuri. Kwa miaka mingi watu wengi nchini India walilipa fedha kupimwa kifua kikuu kwa damu. Kipimo hicho hakikutafuta vijidudu vyenyewe. Kilitafuta askari ambao mwili huwatengeneza ili kupigana na vijidudu.

Lakini watu wengi huingiwa na vijidudu hivyo bila kuugua. Na wagonjwa wengine hawana askari wa kutosha kuonekana. Kwa hiyo mtu mzima aliambiwa ni mgonjwa, akameza dawa bure. Mgonjwa naye aliambiwa ni mzima, akarudi nyumbani kuambukiza wengine.

Watafiti walivichunguza vipimo hivyo kimoja kimoja. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilisema vipimo hivyo visitumiwe. Mwaka 2012 serikali ya India ilipiga marufuku kuvitengeneza, kuviingiza nchini na kuviuza.

Tunajifunza nini hapa? Kipimo nacho lazima kipimwe. Fundi hutazama kwanza kama futi yake ni sahihi, ndipo apime ubao.

MASHINE MPYA

Siku hizi zipo mashine zinazotambua chembe za urithi za kijidudu. Kila kiumbe kina chembe zake za urithi, na za kijidudu hiki ni zake peke yake. Mashine iitwayo GeneXpert hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi. Tena husema kama vijidudu hivyo vimekuwa sugu kwa dawa muhimu iitwayo rifampisini. India nayo ilitengeneza mashine yake, iitwayo Truenat. Hii hutumia betri, na inaweza kufanya kazi mahali ambapo umeme ni wa shida. Shirika la Afya Duniani liliikubali mwaka 2020.

Picha ya kifua nayo ina kazi yake. Kuanzia mwaka 2019 hadi 2021 India ilifanya uchunguzi mkubwa wa kifua kikuu nchini kote. Kwa kila wagonjwa 100 waliogunduliwa, zaidi ya 40 wasingejulikana kama wasingepigwa picha ya kifua.

Uchunguzi huo ulionyesha jambo jingine la kusikitisha. Kwa kila watu 100 wenye dalili, 64 walikuwa hawajakwenda kutafuta matibabu. Wengi wao walipuuza tu dalili zao.

Kwa hiyo wajibu ni wa pande mbili. Mwenye dalili aende. Na atakayempokea ampime.

KIFUA KIKUU NA KISUKARI

Watafiti wa India walitazama pia jamaa wa karibu wa kifua kikuu, yaani kisukari. Kisukari hakiambukizi. Ni ugonjwa wa kudumu. Lakini hupunguza nguvu za mwili za kupigana na vijidudu. Kwa hiyo mwenye kisukari ni rahisi zaidi kupata kifua kikuu.

Mwaka 2012 watafiti waliwapima sukari wagonjwa wa kifua kikuu zaidi ya 8,000 nchini India. Kwa kila wagonjwa 100, 13 walikuwa na kisukari. Na kati ya hao 13, watano hivi walikuwa hawajui kabisa. Walikuja kwa ajili ya kifua, wakagundua ugonjwa wa pili.

Kama wasingepimwa sukari, wangemeza dawa za kifua huku kisukari kikiendelea kuwadhoofisha. Mwili mmoja unaweza kubeba magonjwa mawili. Ukiliona moja, tafuta na la pili.

SISI TUFANYE NINI

Ndugu msomaji, shika mambo haya:

1. Ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi, nenda zahanati au kituo cha afya. Dalili nyingine ni homa, kutokwa jasho jingi usiku, kukonda na kukohoa damu. Mtu mwenye virusi vya UKIMWI asingoje wiki mbili. Aende mara aanzapo kukohoa.

2. Ukifika, sema wazi umekohoa kwa muda gani. Ukipewa dawa ya kikohozi tu, uliza kwa adabu: "Mganga, naomba nipimwe makohozi." Kuuliza si ukorofi. Ni haki yako. Kupima na kutibu kifua kikuu katika vituo vya serikali hapa kwetu ni bure.

3. Toa makohozi, usitoe mate. Asubuhi ukiamka, toka nje mahali pa wazi, mbali na watu. Vuta pumzi ndefu mara mbili au tatu. Kisha kohoa kwa nguvu kutoka ndani ya kifua. Temea ndani ya kikopo ulichopewa, ukifunge vizuri.

4. Mtoto mdogo hawezi kutoa makohozi. Kama anakohoa na haongezeki uzito, mpeleke hata hivyo. Waganga wana njia nyingine za kumpima.

5. Ukiambiwa una kifua kikuu, omba kupimwa sukari na virusi vya UKIMWI pia.

6. Meza dawa zote mpaka mwisho. Ukiziacha njiani kwa sababu umepata nafuu, vijidudu vinaweza kuwa sugu.

7. Jirani yako akikohoa siku nyingi, usimcheke wala usimtenge. Mshauri. Ikiwezekana, mfuatane naye mpaka zahanati.

Chupa ya dawa ya kikohozi inaweza kutuliza koo. Haiui vijidudu vya kifua kikuu. Wagonjwa wa Tumkur walikwenda kutafuta msaada, wakapewa chupa. Wewe nenda, na usirudi kabla hujapimwa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Watafiti wa Madras waligundua nini kuhusu kutibiwa nyumbani?
2. Wagonjwa wa Tumkur walitimiza wajibu gani? Nani hakutimiza wake?
3. Kwa nini vipimo vya damu vya kifua kikuu vilipigwa marufuku nchini India?
4. Je, katika kijiji chenu yuko mtu aliyekohoa zaidi ya wiki mbili? Mtamsaidiaje?

Someni habari hii kwa sauti, ili na wale wasiojua kusoma waisikie. Tukutane tena mwezi ujao.