Safari Haiishii Stendi



Wakristo wa nchi hii tunajua kumsindikiza mtu. Anayehama huombewa jumuiyani, wazee humbariki, na akishapanda basi simu hazikomi: "Umefika wapi?" Siku akijibu kwamba ameshuka salama, kila mtu hushusha pumzi, na habari imekwisha. Mimi naona ndiyo kwanza inaanza. Anapochukua mabegi yake stendi, wajibu unatoka kwa waliomsindikiza na kuwaangukia wenyeji wa huko.

Mfikirie mwalimu wa ajira mpya anayetoka Dar es Salaam peke yake, amepangiwa shule mkoani Rukwa. Hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 1,000. Atapita Morogoro na hifadhi ya Mikumi, atapanda Kitonga kwenda Iringa, atavuka Mbeya, na akifika Tunduma mpakani ataiacha njia ya Zambia na kushika ile ya Sumbawanga. Njiani hakosi wenzake: jirani wa kiti anamgawia karanga, ndugu wanapiga simu, kondakta anamwita akichelewa kurudi kwenye basi. Akishuka kwenye baridi ya Ufipa, yote hayo yanakoma kwa mara moja. Wa kwanza kumkaribisha ni bodaboda, wa pili ni dalali wa vyumba. Hao wako kazini, na siwalaumu. Swali langu ni kwamba sisi tuko wapi.

Sura ya 28 ya Matendo ya Mitume ina jibu ambalo hatulihubiri mara nyingi. Paulo anakaribia Roma akiwa mfungwa, baada ya merikebu yake kuvunjika Malta. Ndugu wa Roma, ambao wengi wao hawakuwahi kumwona uso kwa uso, wanasikia kwamba anakuja, wanatoka kumlaki. Wengine wanafika mpaka Soko la Apio, zaidi ya kilomita 60 kutoka mjini. Hawakumsubiri aje aulize Wakristo wanasali wapi. Luka anaandika kwamba Paulo alipowaona alimshukuru Mungu, akapata moyo. Mtu aliyestahimili dhoruba na minyororo alihitaji nyuso za watu ili apate nguvu ya kumalizia safari. Kama Mtume alihitaji, mwalimu wa miaka 24 atakosaje kuhitaji?

Chombo cha kufanya kazi hii tunacho. Maaskofu wa AMECEA walipozipa kipaumbele Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo katika mkutano wao wa 1976, walitaka Kanisa liishi pale watu wanapoishi. Padre mwenye vigango vingi hawezi kujua ni nyumba ipi imepata mpangaji mpya, lakini jirani anajua kabla ya jioni. Hata hivyo, mahali pengi mgeni anatambuliwa rasmi pale jina lake linapoingia kwenye daftari la michango, au siku anapohitaji barua ya jumuiya ili mtoto wake abatizwe. Kwa hiyo anatufahamu kwanza kama ofisi, halafu tunashangaa akienda kusali kwingine.

Kuna wanaosema: mlango wa kanisa uko wazi, mwenye imani atakuja mwenyewe. Wengine wanasema siku hizi matapeli ni wengi, huwezi kumwamini mtu usiyemjua. Hoja hii ya pili ina uzito. Aristotle, anapozungumzia urafiki, anakumbusha methali ya Wagiriki kwamba watu hawajuani mpaka wawe wamekula chumvi nyingi pamoja. Ni kweli, kuaminiana kunataka muda. Lakini chumvi hiyo italiwa lini kama hakuna anayeanza kukaribisha mezani? Kumkaribisha mtu hakudai umkabidhi funguo za nyumba. Kunadai umjue jina, naye akujue lako.

Sisi waseminari tuna bahati. Tukihamishiwa nyumba nyingine ya malezi tunakuta kitanda, ratiba na mlezi anayetusubiri. Padre mpya naye hupokelewa parokiani kwa vigelegele na mbuzi. Muuguzi wa zahanati na mwalimu wa shule ya kata huja kuwahudumia watu walewale, ila wao hufungua mlango wa chumba kitupu, wakatandika godoro wenyewe.

Napendekeza mambo matatu, na hayahitaji bajeti. Kila jumuiya iteue familia moja ya kuulizia shuleni na zahanati kama kuna watumishi wapya. Familia hiyo imtembelee mgeni wiki ya kwanza, na siku hiyo mchango wowote usitajwe. Jumapili inayofuata mtu ampitie nyumbani waende Misa pamoja. Baada ya hapo wahenga wameshasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Apewe somo la kusoma, nafasi kwaya, kazi ya kufundisha watoto. Anayepewa jembe ameshahesabiwa kuwa mtu wa nyumbani.

Kwa hiyo tunapomwombea msafiri afike salama, tuwaombee pia wenyeji wa huko aendako wamwone. Na sisi, hapa tulipo, ndio wenyeji ambao jumuiya ya mtu fulani inawaombea leo.